Silinda Nne Ambazo Hakuna Aliyezitaka

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo uliolowa oili, nondo nimeipachika kwenye meno ya flaiwili, naizungusha krenki kidogo kidogo huku sikio nimelisogeza karibu na hedi. Ilikuwa injini ya dizeli ya Perkins, silinda tatu, AD3.152, imetolewa kwenye trekta ya Massey Ferguson 135 iliyopinduka ikavunjika giaboksi. Kila pistoni ilipokaribia juu, nondo iliniwia nzito mkononi, halafu upepo ukaanza kutoka taratibu, fyuuu, bila haraka. Ringi nzima. Valvu zinakaa vizuri. Nikasema moyoni: nimeipata.

"Mwanangu, hiyo umeshailipia?"

Niligeuka. Alikuwa mama wa makamo, kitenge kiunoni, buti za mvua miguuni, na nyuma yake kijana ameshika karatasi yenye orodha ya spea. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, kisha akarudia swali lake.

Sikuwa nimelipa. Mimi na dalali tulikuwa tumeelewana bei tu. Mama akaeleza shida yake: wanalima upande wa Mang'ola, vitunguu na mahindi, na 135 yao imepasuka bloku. Maji yanaingia kwenye oili. Kuna mashamba ya watu ambayo hela za kulimia zimeshapokelewa na kutumika, na mvua zilikuwa njiani. Kisha akaniuliza, wala hakuwa na ukali wowote, "Na ya kwako inalima wapi?"

"Hailimi, mama. Naifufua tu. Ni ya mwaka 1958."

"Haya," akasema, akaenda kukaa kwenye kivuli cha kontena.

Jibu langu limenikaa kooni tangu siku ile.

Trekta haina chesisi

Trekta yenyewe ni Massey Ferguson 35, mali ya baba mkubwa. Aliinunua kwa mkulima mmoja wa kahawa wa Oldeani aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Imelima ngano, imelima mahindi na ngwara, imebeba maharusi na majeneza. Siku moja konrodi ilikatika injini ikiwa kwenye mzigo, ikatoboa bloku ubavuni, tundu la kuingiza ngumi. Wakaivuta hadi chini ya mgunga ulio nyuma ya zizi, na pale ikabaki hadi mipira yote ikazama ardhini.

Watu wakisikia natafuta injini huuliza kwa nini nisiweke yoyote ile. Fundi mmoja kijana, tena mwerevu kweli, alinichorea chini kwa kijiti jinsi atakavyochomelea reli mbili za chuma kutoka mbele hadi giaboksi, ili injini ya Hilux, 3L, ikae katikati. Inawezekana. Nimeziona zilizofanywa hivyo zikivuta tela za mawe. Lakini 3L inatoa nguvu zake zote inapokaribia mizunguko 4,000 kwa dakika, wakati 35 ilipangwa kwa injini ya mwendo wa taratibu. PTO yake, yaani mhimili wa nyuma unaozungusha mashine za shambani, inafika mizunguko 540 injini ikiwa kwenye 1,500 tu. Ukitaka injini ya gari ikufanyie kazi ya plau, lazima uipigishe kelele kutwa nzima, na haitadumu.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi, ambalo hulielewi mpaka uone kwa macho yako trekta imekatwa katikati.

Gari lina chesisi. Injini inakaa juu yake, ikifa unaitoa na gari linabaki limesimama. 35 haina chesisi. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye uso wa injini, na mgongoni mwa injini imefungwa giaboksi. Baina ya hivyo viwili hakuna kitu kingine. Ukiondoa injini unabaki na vipande viwili, kila kimoja kinadai jeki yake. Plau ikigonga kisiki, mshtuko wote unapita kwenye bloku na kwenye sampu, lile bakuli la oili lililo chini yake.

Ndiyo maana sampu ya Perkins ya trekta ni chuma kizito cha kusubu, si bakuli la oili tu. Sasa, Perkins 3.152 hiyohiyo iliwekwa pia kwenye jenereta, kompresa na foklifti, na huko mara nyingi ilipewa sampu ya bati. Ukiitazama kwa mbali ni injini ileile: silinda tatu, kipenyo milimita 91.4, mwendo wa pistoni milimita 127, lita 2.5. Dalali atakuapia ni ileile, na kwa sehemu kubwa hasemi uongo. Lakini ukiifunga kwenye 35 bila kubadilisha sampu, uzito wote unaning'inia kwenye bloku peke yake na bolti chache.

Nilijifunza kuinama kwanza kabla ya kuuliza bei. Unagonga sampu kwa spana. Bati linalia, chuma cha kusubu kinanyamaza.

Ile ya pale kwenye yadi ilinyamaza.

Kiwanda chenyewe kiliikataa

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini Perkins, wakati trekta hii haikuzaliwa nayo? Kibao chake kinaanza na herufi SDM, yaani dizeli ya Standard. Zilizokuja na Perkins zinaanza na SNM.

Nilimuuliza fundi mzee ninayemtegemea kama kuna njia ya kuirudishia injini ya aina yake. Hakuniacha nimalize. "Mwanangu, hiyo Standard waliitoa wenyewe. Wenye kiwanda. Wewe unataka kuirudisha?"

Anasema kweli, na ukweli huo uliniuma kwa muda mrefu. Mwaka 1956, 35 ilipoanza kutoka Banner Lane, Coventry, bado ikiitwa Ferguson, ilitengenezwa kwenye kiwanda cha Standard Motor Company, palepale palipotoka matrekta ya kijivu ya TE20 zaidi ya nusu milioni. Ikapewa injini ya dizeli ya Standard, 23C: silinda nne, lita 2.26. Mwishoni mwa 1957 ikavaa nyekundu na jina jipya. Injini ikabaki ileile, na lawama zikabaki zilezile.

Haiwaki asubuhi.

Plagi zake za kupasha moto ziliungwa kwa mfuatano, umeme unapita kwenye moja kwenda nyingine. Moja ikikatika, zote nne zinalala. Zikiwa nzima bado unahitaji betri yenye nguvu, stata isiyochoka na subira. Na hapo nazungumzia tambarare. Juu huku Rhotia na Mbulumbulu, asubuhi ya Julai ukungu unashika mpaka jua linapanda, na hewa ya mwinuko ni nyepesi, kwa hiyo hata mgandamizo wa silinda hautoi joto la kutosha. Dizeli inaingia, moshi mweupe unatoka, basi.

Mwaka 1959 Massey Ferguson iliinunua kampuni ya Perkins ya Peterborough, na mwaka ule ule haujaisha 35 zikaanza kutoka na silinda tatu. Hizo zinawaka. Toka hapo 3.152 ikawa ndiyo injini ya mkulima mdogo na wa kati karibu dunia nzima. Ikaingia kwenye 135, ikatengenezwa kwa leseni Yugoslavia na Poland, na Pakistani wameendelea nayo kwenye matrekta yanayoletwa hapa mpaka leo. Ndiyo maana ukienda Arusha ukataja pistoni ya Perkins silinda tatu, muuza duka hainuki hata kwenye kiti, ananyoosha mkono tu nyuma yake. Taja ya 23C uone uso wake.

Kwa hiyo niliposhauriwa kuweka Perkins, nilishauriwa na watu wanaojua. Nikakubali. Nikaitafuta hiyo tu, kwenye yadi, kwenye magereji, kwa madalali, hadi nikafika kwenye ile nondo na ule upepo unaotoka taratibu.

"Hailimi"

Usiku ule nililala Arusha na sikupata usingizi mzuri. Nilijipa hoja zote. Nilifika mwanzo. Tulishaelewana bei. Sokoni mwenye hela ndiye mnunuzi, na nisiponunua mimi atanunua mwingine, si lazima awe mama yule. Kila hoja ilikuwa nzima, lakini hakuna iliyonituliza.

Naandikiana na watu wa Uingereza wanaofufua matrekta ya aina hii. Ni watu wakarimu, wamenisaidia vitabu na vipimo ambavyo nisingevipata kwingine. Lakini kwao 35 ilishastaafu. Inatoka ghalani Jumapili, inapakwa nta, inaendeshwa kwenye maonyesho. Mtu wa kule akinunua Perkins ya silinda tatu, aliyeikosa ni mwenzake mwenye ghala na makopo ya rangi kama yeye. Hakuna anayelala njaa.

Hapa kwetu trekta yenye miaka sitini haijastaafu. Iko shambani sasa hivi, mipira haifanani, taa hazipo, dereva amekalia gunia, na inalima. Kila 3.152 iliyo hai ina foleni nyuma yake. Bloku ikipasuka katikati ya msimu, mwenye trekta haulizi rangi wala namba. Anauliza kama itawaka kesho. Nami nilikuwa naichukua injini ile niende nayo kwenye kitu kitakachosimama uani, kisifiwe na wageni.

Asubuhi nikampigia dalali simu nikamwambia amuuzie mama. Akanishangaa, akasema sawa, akakata.

Nisieleweke vibaya, sikujiona mwema. Nilijiona nimekwama. Kwa sababu nikiipata Perkins nyingine, nyuma yake atakuwepo mama mwingine ambaye tofauti yake ni kwamba sijamuona. Swali lilikuwa halijaondoka, limehama yadi tu. Nikaanza kujiuliza kama kazi yenyewe ina haki ya kufanywa hapa. Kufufua kitu cha kale kunataka ziada, na ziada ya chuma cha Perkins hatuna.

Lakini kila nilipofikia kusema niache, nilikumbuka kinachoyapata haya matrekta yakiachwa. Gari la skrepa linapita, mizani inaning'inizwa kwenye mti, gesi inawashwa, na jioni 35 iliyofungua mashamba ya kijiji kizima iko vipande kwenda kuyeyushwa iwe nondo. Hatuna makumbusho ya matrekta. Hatuna ghala la picha. Vijana wa nyumbani wanajua jina la baba mkubwa, lakini hawajui jinsi kijiji kilivyolima kabla na baada ya mashine ile, wala hawajawahi kumsikiliza dereva hata mmoja wa wakati ule akieleza kazi yake. Kwangu mimi hilo ni hasara, na sitaki kulidharau kwa sababu halijazi debe.

Nilichokuwa sikubali ni kulipia kumbukumbu kwa msimu wa mtu mwingine.

Ile iliyotoka ilikwenda wapi?

Wazo lilinijia nikisugua kibao cha namba kwa brashi ya waya. SDM. Nikakumbuka matrekta mengine ya SDM niliyoyaona wilayani kwetu miaka yote hii, na karibu yote, ukifungua boneti, unakuta silinda tatu. Yalibadilishwa. Wakulima walichoka kusukuma, wakapata Perkins, wakafunga.

Sasa kila 35 iliyowekwa Perkins ilitoa Standard. Ile iliyotoka ilikwenda wapi?

Nilikuwa nimezunguka kote nikiuliza nani ana Perkins. Nikabadilisha swali: nani aliwahi kuitoa Standard? Ajabu ni jinsi mazungumzo yalivyobadilika. Nilipokuwa natafuta Perkins, watu walinyamaza, wakapima sura yangu, wakapandisha bei. Nilipotaja Standard walicheka, wakaanza hadithi. Huyu anakumbuka jinsi walivyoiwasha kwa kuchoma matambara kwenye njia ya hewa. Yule anakumbuka hedi yake ilipouzwa kwa kilo. Nyingi zilikuwa zimeshauzwa skrepa, hilo nililitarajia. Bloku moja niliikuta imechimbiwa ardhini kushikilia waya wa mlingoti wa redio, nzima kwa nje, ndani udongo mtupu.

Hakuna hata mmoja aliyeniambia anaihitaji.

Hapo moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu yadini. Injini ambayo mkulima hana haja nayo, muuza spea hana haja nayo, na kiwanda chenyewe kiliipa kisogo, hiyo naweza kuichukua nikalala usingizi. Kwa bahati ndiyo hasa iliyozaliwa na trekta hii. Mambo mawili niliyodhani yanapingana, uhalisi wa mashine na haki ya anayelima, yalikuwa yamelala pamoja mahali pamoja, na kwa kuifuata Perkins nilikuwa nimeyapita yote mawili.

Fundi mzee nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Ukiipata nitakuja kuiona. Sijasema nitaifunga."

Chini ya turubai

Niliipata kwa mzee aliyekuwa dereva kwenye shamba moja la kahawa, amejenga kando ya barabara ya kwenda Oldeani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua skrepa?"

Nilipomwambia nimekuja kuangalia Standard, alinitazama tena, safari hii vizuri, akaomba kiti kingine kiletwe. Tulikunywa chai kwanza. Akaniambia walipoitoa, tajiri alimwambia afanye nayo atakavyo. Kuiuza kwa kilo aliona aibu, kwa sababu aliiendesha tangu ni mpya. "Usiku tulikuwa tunailaza mlimani, pua imeelekea chini, na jiwe mbele ya gurudumu. Ukiilaza tambarare, kesho yake hulimi." Asubuhi anaondoa jiwe, inateremka, anaachia klachi kwenye gia ya tatu, inakohoa, inashika. Miaka yake yote ya udereva alichagua mahali pa kuegesha kabla ya kuchagua mahali pa kuanza kulima.

Injini ilikuwa nyuma ya nyumba juu ya mawe matatu, imefunikwa turubai, na matundu yote ya hedi yameziba kwa magunzi ya mahindi yaliyochovywa grisi. Magunzi! Mtu aliyefanya hivyo hakuwa ameitupa injini. Pampu ya dizeli haikuwepo, wala stata. Bloku haikuwa na ufa niliouona kwa macho, na niliipitia kwa taa, kwa kitambaa na dizeli, kisha kwa ukucha, polepole, hasa ubavuni na pembezoni mwa tundu za bolti za hedi.

Krenki haikuzunguka. Tulimimina dizeli na oili ya giaboksi kwenye kila silinda, nikaiacha, nikarudi baadaye na nondo ndefu. Haikusogea hata unywele. Kwa Perkins, hapo ungeanza kuhesabu gharama, kwa sababu silivu zake, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni kavu, zimebanwa ndani ya bloku kwa nguvu, na kuzitoa na kuingiza mpya ni kazi ya karakana yenye mashine. Kwa 23C nilikuwa na tumaini lingine.

Silivu za 23C ni za maji. Zinasimama ndani ya bloku huku maji ya kupoza yakizizunguka, zinakaa chini juu ya gasketi zenye umbo la 8, mbilimbili kwa kila gasketi, na kinachozishikilia juu ni hedi. Ukishafungua hedi na konrodi, hata kama pistoni imeganda kwa kutu ndani yake, unasukuma kutoka chini na vyote viwili vinatoka pamoja, silivu na pistoni. Hakuna kuchonga. Ile kutu iliyokula ukuta wa silinda inaondoka na silinda yake.

Injini iliyotukanwa kwa kutowaka, kumbe iliumbwa iweze kufunguliwa na kufanywa mpya na mtu mwenye spana, nyundo ya mpira na kipande cha mti mgumu.

Nilitaka kumlipa mzee bei ya haki. Akakataa kutaja bei, akasema anachotaka ni kupelekwa kuisikia ikiwaka. Nililipa hata hivyo, kupitia kwa binti yake, baada ya kumwomba ruhusa.

Injini moja kutoka mbili

Fundi alikuja. Hakusalimia injini, alichuchumaa akaingiza kidole pale silivu ya kwanza ilipokuwa imekaa, akakipitisha mduara mzima, kisha akakipitisha tena na ukucha. Hapo ndipo 23C inapofia: maji yakikaa muda mrefu bila dawa, kutu inakula kalio la silivu, na gasketi mpya haitaziba kamwe. Alikuta mashimo madogo upande mmoja wa silinda ya nne. "Hii inasafishika," akasema. Kisha, bila mimi kuuliza, "Lete ile yako tuipime krenki."

Sasa tuna injini mbili mezani na tunatoa moja. Krenki ya mzee ilikuwa na kutu kwenye jono mbili, zile sehemu laini zinazozunguka ndani ya beringi; ya baba mkubwa ilinusurika ingawa konrodi yake ilitoboa bloku. Maikromita imekubali ichongwe kipimo cha kwanza. Kwa hiyo krenki yetu, bloku yake. Lakini kofia za beringi kuu hazihamishwi. Zilitobolewa zikiwa zimefungwa kwenye bloku yake, kila moja mahali pake na upande wake, na ukichanganya krenki itabana hata kama kila kipimo kinasema sawa. Fundi amezipiga namba kwa patasi na hataki mtu mwingine aziguse.

Silivu, pistoni na gasketi za umbo la 8 bado zinatengenezwa kwa ajili ya watu wa Uingereza wanaotunza hizi trekta, na zangu zimeshafika. Kilichobaki hapo ni kazi ya uvumilivu: kila silivu lazima iinuke juu ya uso wa bloku kwa elfu chache za inchi, zote nne zilingane, ili hedi ikikazwa izibane vilivyo. Ikizama moja, maji yatapita. Tumepima, tumetoa, tumesugua, tumepima tena. Siku nzima inaweza kuishia kwenye silinda moja, na sijaona siku iliyopotea.

Tumebishana mahali pamoja tu. Mimi nilitaka plagi za kupasha moto ziungwe kwa mfuatano kama zilivyotoka kiwandani. Fundi anataka za volti 12, kila moja na waya wake, ili moja ikifa tatu zifanye kazi. Nilimwambia hiyo si 1958. Akaniuliza kama nitakuwa naipeleka mlimani kila jioni. Nilimfikiria yule mzee na jiwe lake mbele ya gurudumu, miaka yote ile. Tumeagiza za volti 12. Za zamani zitakaa kwenye kisanduku cha zana, zimefungwa kitambaa, na kijikaratasi cha kueleza ziliungwaje.

Nimeamua pia kwamba ikiwaka itafanya kazi, kazi nyepesi. Itavuta tela ya mavuno na haro kwenye shamba la nyumbani, si plau. Bloku yenye umri huo sitaitwika kisiki.

Pampu ya CAV, ile ya baba mkubwa, iko Arusha kwenye benchi ya kupimia pamoja na nozeli nne za kupulizia dizeli kwenye silinda. Stata tumepata. Kinachotukwamisha ni kitu kidogo: kibomba cha kurudisha dizeli kutoka kwenye nozeli, kile chenye matawi manne. Chetu kiliibiwa zamani, cha mzee kimeliwa na kutu, na kilichokunjwa kwa mkono kimevuja mara zote tulipokijaribu. Kama 35 ya kwenu iliwahi kuwekwa Perkins, pitieni nyuma ya ghala kabla ya gari la skrepa. Injini ya silinda nne ikiwa bado ipo, kibomba hicho kimefungwa juu ya hedi, upande wa nozeli, kwa bolti ndogo zenye tundu katikati. Mkikitoa, zitunzeni na zile wosha za shaba. Zinafaa hata zikiwa zimechakaa, ukizipasha moto kwanza.